Anime za Kiarabu kwa watoto: za zamani, za Spacetoon, za majukwaa mapya, au Kijapani chenye maandishi?

BintMkunazini (Muscat)

Assalam aleikum jamani. Nina swali ambalo najua litaleta ugomvi, na ndiyo raha yake.

Watoto wa dada yangu wamehamia huku kutoka Unguja, mmoja ana miaka 9, mwenzake 11. Kiswahili wanacho, Kiingereza cha skuli wanacho. Kiarabu chao ni cha chuoni: Kurani wanasoma bila kukwama, lakini ukiwaambia wamuulize mtu bei ya mkate wanajificha nyuma ya mama yao. Dada ananijua mie na wazimu wangu wa anime za Kiarabu, yaani katuni za Kijapani zilizotiwa sauti za Kiarabu, akanambia basi chagua wewe, tuwawekee ipi.

Kuna zile za kale: Grendizer, Adnan wa Lina, Kapteni Majed ya mwanzo. Kuna za Markaz al-Zuhra, studio ya kutia sauti ya Damascus, ambazo wengi wetu tumezijua kupitia chaneli ya watoto ya Spacetoon tangu 2000. Kuna hizi za majukwaa ya kulipia. Na kuna wale wanaosema acheni sauti za Kijapani, wekeni maandishi ya Kiarabu chini. Sifichi, moyo wangu uko Damascus. Lakini moyo wangu si hoja, kwa hiyo nileteeni zenu.

MzeeWaMutrah

Wa aleikum salaam binti yangu.

Siye tuliorudi Oman miaka ya sabini, baada ya Sultani Qaboos kufungua mlango, tulikuwa kama hao watoto wako. Ndani ya nyumba Kiswahili, nje tunaitwa Wazanzibari, na Kiarabu tunakitafuta kwa tochi. Televisheni ya Oman ilianza 1974. Baadaye ikatufikia Grendizer, na mie tayari ni kijana mwenye ndevu, lakini nilikaa chini na wadogo zangu.

Ile kazi ilifanywa Lebanon mwishoni mwa miaka ya sabini, nchi yenyewe iko vitani. Jihad al-Atrash akawa Duke Fleed, na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima anayezungumza na watu wazima, hakujifanya mtoto. Sammy Clark akaimba kwa muziki uleule wa Kijapani, maneno ya Kiarabu yakakaa juu yake bila kuchechemea. Na kisa chenyewe? Mwana wa mfalme, nyota yake imeteketezwa na watu wa Vega, amekimbilia duniani, anaishi shambani kwa watu kwa jina jingine. Nyumba ambayo wazee wameondoka Unguja 1964 haikuhitaji kufafanuliwa kitu hapo.

Kasoro yake naijua. Vipindi 74, na vingi vinakwenda njia moja: dude linashuka, Duke anaingia ndani ya chombo, dude linakufa. Mtoto wa leo atachoka kabla ya cha kumi.

KipaWaMvita (Mombasa)

Mzee, heshima yako, lakini mpira haujatajwa hapa na mie siwezi kunyamaza.

Kapteni Majed! Sisi Mji wa Kale tulikuwa tunajazana kwa jirani mwenye dishi kubwa, nusu yetu hatujui Kiarabu zaidi ya alhamdulillahi, na hakuna aliyeuliza kinachoendelea. Wajapani wanamwita Tsubasa, Waarabu wakamwita Majed. Hyuga akawa Bassam, kipa Wakabayashi akawa Waleed. Ndiyo, uwanja wao hauna mwisho, mtu anakimbia na mpira kipindi kizima huku akikumbuka utoto wake, na goli bado hulioni. Hiyo ndiyo faida kwa anayejifunza lugha! Mtangazaji anarudia mambo yaleyale polepole: anapiga, anapita, anakaribia. Nimejua maneno ya mpira kwa Kiarabu kabla ya kuyajua kwa Kiingereza.

Angalizo moja. Sehemu za mwanzo zilitiwa sauti Jordan, za baadaye zikaenda Damascus, kwa hiyo msishtuke Majed akibadilika koo. Na kama hao watoto wanapenda kusoma, Msyria mmoja aliyekuwa mwanafunzi Tokyo, Obada Kassoumah, alivitafsiri vitabu vyenyewe vya Captain Tsubasa kwa Kiarabu, vikaanza kutoka 2017. Nakala nyingine zilipelekwa kwa watoto wakimbizi wa Syria.

Otaku_Kariakoo (Dar)

Wakuu, mimi nakuja kuharibu sherehe.

Hizo mnazozisifia zimekatwakatwa. Tuseme ukweli. Wapenzi wanageuzwa ndugu, busu linatoweka, pombe inakuwa juisi, aliyekufa anaambiwa kasafiri au kalazwa. Detective Conan ni hadithi ya mauaji tangu mwaka 1996, kila wiki maiti. Genge lenyewe linajiita kwa majina ya pombe: Gin, Vodka, Vermouth. Sasa chaneli ya watoto inayokwepa pombe na damu itasimulia nini hapo? Mtoto anakua anapenda kitu, akifika chuo kikuu anakutana na chenyewe, anagundua nusu ya hadithi hakupewa.

Mimi naona Kijapani halisi, maandishi ya Kiarabu chini. Crunchyroll, lile jukwaa la anime la mtandaoni, wanayo kwa anime nyingi. Wanasoma, wanasikia mwigizaji wa kweli, hakuna aliyewaficha kitu. Na kama ni kutia sauti tu, sisi bongo tulikuwa na akina Lufufu, mtu mmoja anasimulia filamu nzima peke yake, na kibanda kinajaa. Huyo alikuwa anaongeza, hakupunguza 😂

BintMkunazini

Kaka Otaku, karibu, ulinikosesha usingizi lakini karibu.

Kukata walikata, hilo silibishi. Ila usiseme kana kwamba walikata wakaondoka. Markaz al-Zuhra, iliyoanzishwa 1992, ilijenga upya. Chukua nyimbo. Mara nyingi hawakutafsiri wimbo wa Kijapani, walitunga wao. Tarek Alarabi Tourgane alikuwa anakaa na kutunga muziki na mashairi ya katuni kama anatungia watu wazima wenye huzuni, na Rasha Rizk akaimba. Rasha ni mwimbaji aliyesomea muziki hasa, si msichana aliyeokotwa kwa ajili ya tangazo. Leo wakitoa tamasha la nyimbo za Spacetoon, wanaojaza ukumbi ni watu wenye kazi na watoto, na wanalia. Nioneshe mkato uliofanya hivyo.

Halafu kuna Ahd al-Asdiqa. Wajapani waliitoa 1995 kutoka kitabu cha Lisa Tetzner, watoto wanaouzwa kwenda Milano kusafisha mabomba ya moshi. Vipindi 33. Ndani yake mna umaskini, utumwa wa watoto, kifua kikuu, na rafiki anakufa. Anakufa, Otaku, hakuna aliyesema kasafiri. Walipoona huzuni inamfaa mtoto waliiacha. Kwa hiyo hawakukata kila kizito, walikuwa na mizani yao. Mizani hiyo tunaweza kuigombania, mie mwenyewe ile ya kugeuza wachumba kuwa ndugu inanichekesha mpaka leo, maana ndugu gani wanaona haya usoni namna ile.

KijanaWaRuwi

Mimi naleta la mtaani. Zote mnazozitaja ni fusha, Kiarabu sanifu cha vitabuni. Nani anaongea fusha hapa Muscat? Mimi nilijifunza Kiarabu kwa Spacetoon, siku ya kwanza skuli nikamwambia mwenzangu kwa lafudhi safi kabisa, "Ewe rafiki, nipatie kalamu yako." Darasa zima likaanguka. Nikaitwa Conan mpaka darasa la nane.

Watoto wanataka Kiarabu cha kucheza nacho. Filamu za Disney za zamani zilikuwa za Kimisri, angalau kinachekesha na kila Mwarabu anakielewa, ila tangu miaka ya 2013 hivi nazo nyingi zikahamia fusha. Cha Oman chenyewe watakipata uwanjani kwa kupigwa chenga, hakuna katuni itakayowapa.

UstadhLamu

Assalam aleikum. Nafundisha Kiarabu, naomba niseme kidogo.

Kijana wa Ruwi, kwanza pole kwa Conan. Pili, darasa lilicheka, lakini mtihani wa Kiarabu uliupita au hukuupita? Skuli za huko vitabu ni fusha, habari ni fusha, hotuba ya Ijumaa ni fusha. Mtoto aliyetoka chuoni Unguja ana hazina ya fusha kichwani ambayo haijawahi kuzungumzwa. Anajua maneno ya Kurani mamia, hajawahi kusikia mtu akiyatumia kuomba maji. Katuni inamfanyia hilo, na hakuna kitabu changu kinachofanya.

Niwape mfano wa kazi. Wanafunzi wangu wote Waswahili hukwama kwenye muthanna, umbo la watu wawili. Kwetu kuna mmoja na wengi, basi. Unaweza kueleza ubaoni mwezi mzima. Sasa tazama Adnan wa Lina: watoto wawili, kipindi baada ya kipindi wanaitwa, wanaonywa, wanafukuzwa, wanatafutwa, na kitenzi kinawafuata wawili wao. Mtoto anashika bila kujua kama amefundishwa. Na hao wako ni wawili, Bi Mkunazini, mnaweza kuwagombeza nyumbani kwa muthanna.

Kuhusu maandishi ya chini ya ndugu wa Kariakoo: kwa mtu mzima ni sawa. Mtoto wa miaka 9 anayesoma Kiarabu kwa irabu zote za msahafu, ukimpa maandishi yasiyo na irabu yanayopita kwa sekunde mbili, atatazama picha tu. Masikio yake yatabaki na Kijapani.

Otaku_Kariakoo (Dar)

Ustadh, la irabu sikulifikiria kabisa. Hapo kwa huyo wa 9 nakubali. Wa 11 bado nagombea.

Lakini Adnan wa Lina nayo si ni ya Miyazaki, yule mwongozaji wa Kijapani? Future Boy Conan ya 1978?

MzeeWaMutrah

Ndiyo yenyewe. Ilitiwa sauti Kuwait. Adnan, Lina, Absi anayependa kula, Kapteni Namiq, na yule Allam mwovu mwenye suti. Hadithi inaanza na vita vya dunia vinavyotokea 2008, bahari imemeza miji. Mwaka 2008 ulipofika kwelikweli, watu hapa walikuwa wanataniana kazini kama wameshanunua mashua.

Vipindi 26 tu. Na kukata ndani yake kulikuwa kudogo, maana mwenyewe Miyazaki hakuweka mambo ya kukatwa. Binti, nimebadili kura. Grendizer iwe ya babu yao akija.

fundi_dishi (Zanzibar)

Mmesahau fungu la tatu. Hizi mpya.

Wasaudi wameingia na pesa. Manga Productions ya Riyadh walifanya filamu na studio ya Kijapani ya Toei, The Journey, 2021, na Grendizer U, ile Grendizer mpya ya 2024, wamo pia. Riyadh kuna sanamu la Grendizer refu zaidi ya mita 30. Netflix ina baadhi ya anime zenye sauti za Kiarabu, angalia sehemu ya lugha kwanza kabla ya kumuahidi mtoto. Picha safi, sauti safi. Ubaya, ukiniuliza mie ninayefunga dishi za watu tangu zamani, waigizaji wanasoma haraka kama wanakimbizwa na saa. Zile za Damascus mtu anavuta pumzi.

Kwa vitendo: Spacetoon Go ipo kwenye simu na runinga za kisasa, nyingi za Zuhra zimo humo. Nyimbo ziko YouTube kwenye chaneli yao wenyewe. Za kale mtazipata zimepakiwa na watu, picha kama imepigwa ndani ya moshi, na vipindi vimerukwa. Adnan wa Lina hakikisheni mmepata vyote 26 kabla hamjaanza, kwa sababu ukikosa cha kumi na kitu wale watoto watakufukuza nyumbani.

KipaWaMvita (Mombasa)

Na Majed je??

BintMkunazini

Majed hajasahauliwa, tulia golini.

Nimekaa na dada jana usiku. Tunaanza na Adnan wa Lina, kipindi kimoja baada ya alasiri, simu zote zimezimwa. Ikiisha, Ahd al-Asdiqa, na hiyo natazama nao mie mwenyewe kwa sababu ya kile kifo, sitaki walie peke yao. Majed ni wa Ijumaa na binamu zao waliozaliwa hapa, hao watawapa Kiarabu cha Oman wakati wa kubishana, kwa hiyo Kijana wa Ruwi naye kapata haki yake. Za mpya tutaziona mwakani. Detective Conan nimeiweka pembeni kwanza. Naipenda kuliko zote hizi, lakini Otaku kanitia shaka: mkubwa akishaizoea hii ya Kiarabu, ile kamili itamkera au itamfurahisha? Kama nitampa kamili moja kwa moja, bora nijue sasa.

Otaku, nitumie orodha ya Kijapani chenye maandishi kwa huyo wa miaka 11. Bila damu ya kumwagika ukutani, tafadhali, mama yake ni dada yangu mkubwa.

Otaku_Kariakoo (Dar)

Dada, nimeandika mpaka sasa mbili, hizo nyingine zote zina damu. Nipe mpaka Jumapili.