Tupeane uzoefu: kumuuguza nyumbani kijana aliyeanza saikosisi

Mwanzisha mada: Wengi wenye saikosisi (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini yasiyo kweli) huruhusiwa hospitali na bahasha ya vidonge na tarehe ya kliniki, basi. Naomba mambo ya kutenda, kwa ajili ya mama, mke au kaka atakayebaki naye usiku.

NesiMstaafu: Kama kapewa halopiridoli, dawa ya saikosisi, siku 4 za mwanzo mwangalieni shingo na macho. Shingo ikipinda, macho yakikwama juu au taya likikaza, hiyo ni dawa, wala hajapandisha mashetani. Hapa ndipo familia nyingi hutupa vidonge! Mrudisheni siku hiyohiyo, akapewe benzheksoli, dawa ya kuondoa huko kukaza, au sindano. Akishindwa kumeza au kupumua, au akipata homa kali na mwili kukakamaa, msingoje kupambazuke. Klopromazini, dawa nyingine ya saikosisi, nayo humpa kizunguzungu: akae ukingoni mwa kitanda kwanza, ndipo asimame.

BintiKondoa: Msimfichie dawa kwenye uji. Anayeamini anawekewa sumu akiikuta chembe nyeupe chini ya kikombe, mmempa ushahidi, na kesho hatagusa hata ugali wenu. Akikataa vidonge, ulizieni sindano ya flufenazini, dawa ya saikosisi inayokaa mwilini muda mrefu, ambayo huchomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Na akipata nafuu asiache: mwongozo wa WHO ni angalau miezi 12 tangu dalili ziishe.

Mzee wa Daftari: Andikeni kila siku: kalala saa ngapi, kameza au hakumeza, kavuta bangi au hakuvuta. Ukimwambia daktari "hajambo kidogo" hana pa kushika. Usiku 3 mfululizo bila usingizi, nendeni kabla ya tarehe.

Shangazi T: Akisema majirani wanamsema ukutani, usibishe, usiitikie. "Pole mwanangu, naona una hofu. Mimi sauti hizo sizisikii, ila nipo hapa." Aongee mtu mmoja, wengine watoke sebuleni.

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, huyo mama anayemuuguza naye mtazameni. Asiyelala hufoka, na lawama za kila siku ni moja ya yanayomrudisha kijana kuumwa. "Tuko pamoja" ya kwenye grupu haimlazi mtu. Andikeni majina: nani analala pale Jumanne na Ijumaa, nani anampeleka kliniki, nani anatoa nauli. Usiku wa zamu ya mwingine, mama akalale nyumba nyingine kabisa. Akibaki chumba cha pili atakesha akisikiliza mlango.