"Plagini inabadilishwa bila kuzima seva": wakuu, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia

Heshima kwenu wakuu. Kuna kampuni, jina naliacha, ilituuzia mfumo wa mauzo ulioandikwa kwa Java. Walijigamba kwamba plagini (kipande cha programu cha kuongezea mfumo uwezo) unaichomeka na kuichomoa huku mfumo ukiwa hewani. Nimeweka toleo jipya la plagini ya risiti, nikapokelewa na kosa hili, kwamba RisitiMpya haikubaliki kama Plagini:

ClassCastException: class RisitiMpya cannot be cast to class Plagini

Wakati msimbo umeandikwa wazi kabisa kwamba RisitiMpya inatekeleza Plagini! Kufungua jar yao (faili lililofungasha plagini) nakuta kiolesura cha Plagini (mkataba ambao kila plagini inaufuata), ambacho mfumo mkuu tayari unacho, kimefungashwa tena humo ndani. Na kipakiaji chao (class loader, kinacholeta klasi kwenye kumbukumbu) kinaanza kutafuta kwenye plagini kabla ya kwenda kwa mzazi, yaani kipakiaji cha mfumo mkuu. Kwa Java, klasi hutambulika kwa jina pamoja na kipakiaji kilichoileta, kwa hiyo hapo zipo Plagini mbili zisizojuana. Dawa yake kwenye Maven (zana ya kujenga programu za Java) ni kuandika scope ya kiolesura hicho kuwa provided, yaani kipo tayari, kisifungashwe tena, basi. Hata mwanafunzi wa field angeliona.

Kuitoa sasa. Seva ni ya Windows, jar haifutiki, inadai inatumika. Hawafungi URLClassLoader, kipakiaji kinachoishikilia jar, na hiyo close() ipo tangu Java 7, mwaka 2011! Tena plagini ikishatolewa inaacha uzi wake (thread, kazi inayokimbia sambamba) unaendelea kukimbia na draiva ya JDBC (ya kuunganisha na hifadhidata) imebaki kwenye DriverManager, orodha ya draiva ya Java yenyewe. Kipakiaji cha zamani kinashikiliwa, klasi zake zote zinabaki kwenye kumbukumbu, kila toleo jipya linarundikana juu ya lililopita. Mwisho wake OutOfMemoryError: Metaspace (eneo la kumbukumbu la klasi limejaa), saa ya wateja wengi, makeshia wananitolea macho mimi.

Napiga simu, najibiwa "zima uwashe, kaka". Si mlisema haihitaji kuzimwa?

Kingine: plagini moja ikiwa mbovu, zote haziwaki. Wanazunguka ServiceLoader (zana ya Java ya kutafuta plagini) na kudaka makosa ya aina ya Exception tu, ilhali ServiceConfigurationError, kosa la plagini mbovu, ni Error, tawi jingine, inawapita hivihivi.

Kama kuna mtu wao humu, ajitokeze ajibu: hiyo kuchomoa mliwahi kuijaribu hata siku moja kabla ya kutuletea ankara? Na wadau mliohamia PF4J au OSGi (mifumo mingine ya plagini za Java), semeni ukweli, huko kuna nafuu au ni kilio kilekile?