Ushauri: narudi Tanga mwezi wa nane, naanzaje kuuza vitu kwenye soko la buti?

Mama Nasra

Wadau, habari zenu. Niko Leicester mwaka wa 19 huu. Inshallah mwezi wa nane narudi Tanga moja kwa moja, na nyumba niliyopanga natakiwa kuikabidhi tupu. Nikifungua makabati nakosa hata pa kuanzia. Nguo za watoto tangu wako chekechea, masufuria, seti ya chai ambayo sijawahi kuitoa kwenye boksi, vitabu, baiskeli mbili, kiti cha mtoto cha kwenye gari, taa za mezani. Na cherehani changu cha Singer, nilichonunua mwaka wa kwanza nilipofika. Nilikuwa nafupishia watu suruali usiku, ndiyo ikatulisha.

Jirani yangu Mwingereza kanishauri nipeleke vitu kwenye masoko ya Jumapili, yale watu wanaegesha magari uwanjani, wanafungua buti na kuuza. Kununua nimeshaenda mara nyingi, kuuza sijawahi. Naogopa kusimama pale tangu alfajiri nirudi na mzigo wote. Bei napangaje? Na kodi je, si nitaulizwa?

Abuu wa Luton

Dada, kuna nusu saa moja tu ya kuiogopa, ile ya kufika. Mimi nimeuza misimu mitatu. Wauzaji tunaingia saa kumi na mbili asubuhi, wengine kabla ya hapo. Ukizima gari tu, wanakuzunguka watu watano sita, wengine na tochi mkononi. Hao ni wachuuzi. Wanataka simu, saa, dhahabu, kamera, michezo ya kompyuta, vyombo vya zamani, na wanataka wavipate kabla hujajua umebeba nini. Mmoja anakuuliza bei huku mwenzake ameshaingiza mkono kwenye boksi. Mara ya kwanza niliuza saa ya mezani kwa pauni 3 kwa sababu nilibabaika. Saa mbili baadaye niliiona meza ya nne kutoka kwangu, imewekewa pauni 25.

Kwa hiyo usifungue buti mpaka meza imesimama. Waambie kwa upole, "nipeni dakika kumi," na funga milango. Vitu vyenye thamani viwe kiti cha mbele, vitoke mwisho. Na usiende peke yako. Utahitaji kwenda chooni, na meza haiachwi.

Ada ya kuegesha mara ya mwisho nililipa pauni 12. Viwanja vingi ni vya nyasi, mvua ikinyesha sana vinafungwa, kwa hiyo Jumamosi jioni hakikisha kwanza kama soko lipo.

Zuhura

Shost, bei ipange usiku, siyo pale. Andika kwenye karatasi: nguo ya mtoto pauni 1, vitabu senti 50, sufuria nzuri pauni 3 au 4. Wanaokuja pale wanataka kulipa kidogo, na kila mtu atakuomba upunguze, hata kitu cha pauni 1. Ukitaka 4 taja 5. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nakumbuka nilichonunulia dukani, nikarudi na mifuko saba. Ile bei ya dukani isahau kabisa, hela hiyo ilishakwenda.

Nguo zitundike. Zikiwa kwenye lundo watu wanapita, zikining'inia wanasimama. Ukifika saa tano, mpe mtu mfuko mwambie ajaze kwa pauni 2.

Chenji beba pauni 30 hivi, sarafu za pauni 1, senti 50 na senti 20, na uzivae kiunoni. Boksi la pesa mezani usiweke. Ukipewa noti ya karatasi ya pauni 20 au 50 ikatae, hazitumiki madukani tangu Septemba 30, 2022. Sarafu ya pauni ya duara kamili nayo ilikoma Oktoba 2017, bado kuna watu wanaitoa.

Kodi isikunyime usingizi. Unauza vitu vyako ulivyotumia, tena kwa bei chini ya ulivyonunulia. HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya huku, wanamtafuta anayenunua ili auze.

Mwanaidi B

Kile kiti cha gari usikiuze, tafadhali. Anayekinunua hawezi kujua kama kiliwahi kuwa kwenye ajali, na kikiwa kimeumia ndani hakionyeshi. Baiskeli uza, kofia zake usiuze, kwa sababu hiyo hiyo. Pauni 5 haitoshi kulipia mtoto wa mtu.

Vitakavyobaki usivitupe uwanjani wala usiviache usiku mlangoni pa duka la hisani (yale yanayouza vitu vya msaada), vinaloa na havifai tena. Peleka Jumatatu, wakiwa wamefungua.

Mzee Kombo

Mwanangu, hapa wamekujibu vizuri. Mimi nauliza jambo moja: hicho cherehani unauza kwa nini? Pale uwanjani utapewa pauni 20, labda 30. Umeme wa kwetu ni uleule wa huku, na plagi ni ileile ya miguu mitatu. Ukishuka Tanga unachomeka unashona. Mimi nilirudi Pemba mwaka 2014, niliuza vifaa vyangu vya useremala kwa haraka ya kutaka nyumba iwe tupu. Nilipofika nilivitafuta madukani, nikapata vya bei mara mbili na ubora nusu. Mpaka leo roho inaniuma.

Mama Nasra

Shikamoo mzee. Nilikuwa naona kizito tu, na hela ya kontena nayo. Nimekusoma mara mbili.

Abuu wa Luton

Dada, mzee yuko sahihi. Tafuta wanaochangia kontena, ukipakie na masufuria mazito. Ile seti ya chai pia, kama ni ya kaure, itazame chini kuna muhuri gani kabla ya kuibeba sokoni.

Mama Nasra

MREJESHO. Jumapili nimeenda na binti yangu. Walinizunguka kweli, nikafunga milango nikamimina chai kwenye kikombe, mikono inatetemeka. Mpaka saa sita nimepata pauni 143. Nguo za watoto zimekwisha zote, nyingi kachukua mama mmoja mjamzito. Nikamuongezea na koti la Nasra la theluji bila hela. Baiskeli zimeondoka, vitabu vimebaki nusu, taa moja ilivunjika njiani.

Seti ya chai chini imeandikwa Royal Albert, kumbe ni kaure ya Kiingereza yenye jina. Mchuuzi alitaja 10, akafika 35, sikumpa. Kiti cha gari nimekipeleka kwenye kituo cha taka cha halmashauri.

Cherehani kiko sebuleni, nimekifunga kwa blanketi. Kuna anayejua kontena la kwenda bandari ya Tanga kabla ya mwezi wa nane?