Nguo za mtandaoni zikikataa kukutosha: ukiwa Dodoma unanunua wapi ili kurudisha kusikusumbue wala kukukata hela?

dada_ilazo
Wadau wa Dom habari za jioni. Naomba tusaidiane hapa mana jambo hili limenikera na bado nina sherehe nyingine mbele. Mwezi uliopita nilinunua gauni kwa duka moja la Insta lililopo Dar, jina nalihifadhi, 65,000, nikatuma na hela ya basi 5,000, likafika stendi ya Nzuguni usiku nikalipa boda 4,000 hadi kwangu Ilazo. Kufungua, lebo imeandikwa saizi 14 kama nilivyoomba lkn zipu inaishia katikati ya mgongo, haipandi kabisa, na mimi 14 zote nilizonazo zinanikaa vizuri tu. Kumwambia muuzaji akanijibu "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", nikambembeleza siku mbili ndo akakubali kubadilisha ila nilipie basi kulirudisha, nilipie basi kuniletea lingine, na elfu kumi ya usumbufu. Nikapiga hesabu pamoja na boda mbili za stendi ikaja 28,000 juu ya zile 9,000 za mwanzo, yani gauni la 65,000 liwe limenigharimu 102,000. Nikaliacha, lipo kabatini hadi leo.

Sasa mwisho wa mwezi ni sendofu ya mdogo wangu, sare ni zambarau, sina muda wa kuzunguka madukani mana natoka kazini Mtumba jioni nimechoka. Nina njia tatu: wauzaji wa Insta wa Dar, wauzaji wa onlaini wa hapahapa Dom, au Shein, lile duka la mtandaoni la nje, kupitia wakala. Bei najua kuzilinganisha mwenyewe. Ninachotaka ni mlionunua mniambie ikitokea haijanitosha ni wapi narudisha bila kugombana na mtu na bila kulipa mara tatu.

mwana_udom
Dada pole. Mimi naongelea Shein mana ndo naagiza sana. Kwa kurudisha, itoe kwenye hesabu kabisa. Ukiagiza kwa wakala ile oda ipo kwenye akaunti yake, imelipiwa kwa kadi yake, na mzigo unashukia kwenye ghala nje ya nchi kabla haujapandishwa meli au ndege kuja huku. Kwahiyo zile siku za kurudisha unazoziona kwenye programu zinaanza kuhesabiwa kabla mzigo haujafika huku, wewe ukija kuushika mkononi zimeshaisha au zimebaki mbili tatu, na hata zingebaki utasafirisha gauni moja kurudi nje kwa nauli ya nani? Na hela ikirudi inarudi kwa wakala sio kwako. Mimi naagiza nikijua kitakachofika ni changu. Ninachofanya napima nguo yangu inayonikaa vizuri kwa sentimita, nalinganisha na jedwali la vipimo la hiyo nguo yenyewe, sio jedwali la jumla, af nasoma maoni ya walionunua hasa walioweka picha na uzito wao. Isiponitosha naitupia kwenye grupu la hosteli inaondoka siku hiyohiyo, kwa hasara kidogo lkn inaondoka. Kwa sendofu ya mwisho wa mwezi hata usijaribu.

boda_wa_mizigo
Habari zenu. Mimi napeleka mizigo ya wauzaji kama wanne wa hapa mjini, kuanzia Area C, Kisasa, Nkuhungu hadi huko Iyumbu, so niwape picha ya upande wetu. Kwa Dom kurudisha ni rahisi kama muuzaji ameniambia mapema "subiri ajaribu". Nafika getini, mteja anaingia ndani anajaribu, ikimkaa analipa, isipomkaa narudi nayo na yeye ananilipa tripu tu basi. Ugomvi unaanza pale muuzaji hajasema chochote, mteja anataka kujaribu, mimi nimesimama juani, akimaliza anasema hapana na hela ya boda hataki kutoa mana anasema kosa ni la duka, na duka nalo linasema kosa ni la mteja. Aliyeungua mafuta ni mimi. Kwahiyo dada uliza swali moja kabla sijawasha pikipiki: isiponitosha boda analipwa na nani, kwenda na kurudi.

Kingine naomba wadada mnisikie bila kukasirika. Nguo nyingi zinazokataliwa nikizirudisha dukani sio kwasababu ya saizi, ni poda na fondesheni shingoni. Nguo nyeupe au rangi ya maziwa ukiivaa na mekapu imeshaharibika, na ukitoka nayo nje kujiangalia vumbi letu hili jekundu linakamata pindo hapohapo. Nawa uso kwanza, jaribu ndani, tandika hata khanga chini.

kkoo_kila_wiki
Naona Dar inasemwa vibaya, si haki. Mimi nanunua Kariakoo kwa simu huu mwaka wa tatu na nimerudisha mara nne, zote nimebadilishiwa. Tofauti ni kwamba silipi kabla mtu wangu hajaishika. Nina binamu anafanya kazi Mtaa wa Kongo, anaenda dukani, ananipigia video, anapima kiuno na kifua kwa futi mbele ya muuzaji ndo natuma hela. Kama huna mtu kule, muombe muuzaji mwenyewe akurekodie akiwa anapima, sio picha ya modo, video ya hiyohiyo atakayoifunga. Muuzaji akikataa kupima dakika mbili wakati bado hujamlipa, jua ukimlipa ndo hutampata kabisa.

Na kurudisha sio lazima basi na boda. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 hakosekani ndugu anayeenda Dar na kurudi, begi la mkononi linabeba gauni moja bila nauli yoyote. Nimefanya hivyo mara mbili.

dada_ilazo
@kkoo_kila_wiki asante kaka, lkn wewe una binamu Mtaa wa Kongo. Mimi ndugu zangu wote wapo Kondoa na hapa. Hiyo njia ni nzuri kwa mwenye mtu.

mgogo_ughaibuni
Mbukwenyi! Nipo Uingereza mwaka wa sita, niseme kitu mana naona watu wengi huko nyumbani wanasoma "siku 14 za kurudisha" kwenye tovuti za nje wanadhani inawahusu. Hizi siku 14 ni sheria ya huku. Kuna kanuni za mwaka 2013 zinazosema ukinunua mtandaoni una siku 14 tangu upokee mzigo kumwambia muuzaji umeghairi, hata bila sababu, af una siku nyingine 14 za kuutuma, na muuzaji akiupata anakurudishia hela yako pamoja na ile nauli ya kawaida uliyolipa mwanzo. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo wana siku 14 hizohizo. Lkn hata huku nauli ya kurudisha mara nyingi ni ya mnunuzi kama muuzaji alishakutaarifu hivyo, na maduka makubwa yameanza kuibana. Zara kwa mfano mwaka 2022 walianza kukata pauni 1.95 ukirudisha kwa posta, ukipeleka mwenyewe dukani kwao ni bure. Kwahiyo hata huku ujanja ni kununua kwa mwenye duka unaloweza kufika kwa miguu. Dada yangu, hapo Dom nakushauri hivyohivyo.

msoma_sheria
Naomba niongeze la kwetu, mana na sisi tunazo sheria na watu hawazitumii. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo lazima ifanane na hayo maelezo, na mnunuzi ambaye hakuwahi kuiona haihesabiki kwamba ameipokea na kuikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Zaidi ya hapo, mnunuzi mwenye haki ya kuikataa akishaikataa halazimiki kuisafirisha kuirudisha kwa muuzaji, inatosha amjulishe kwamba ameikataa, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Soma tena hapo dada. Lile gauni lako kama vipimo alivyokuandikia havikuwa vipimo vya gauni lenyewe, nauli haikuwa mzigo wako hata kidogo, achilia mbali hiyo elfu kumi ya usumbufu.

Ila tutofautishe. Umeagiza 14, imekuja 14 ya kweli na mwili ndo umekataa, au rangi hujaipenda, hapo sheria hii haikubebi, unabaki na makubaliano yenu tu. Ndo mana makubaliano yaandikwe WhatsApp kabla ya kutuma hela, af usiyafute. Na mtu akikudanganya waziwazi kuhusu bidhaa kuna Tume ya Ushindani, FCC, iliyopo kwa sheria ya mwaka 2003, inapokea malalamiko ya walaji. Watu wanadhani ni ya makampuni makubwa tu.

dada_ilazo
@msoma_sheria aliniandikia "14, kifua 104". Nimelipima leo baada ya kusoma huu ujumbe wako, kifua ni sentimita 96. Nimeishiwa nguvu.

msoma_sheria
Basi hilo sio lililotangazwa. Mpigie picha futi ikiwa juu ya gauni, weka pembeni na skrinshoti ya ujumbe wake, mtumie kwa heshima, mwambie umelikataa na unaomba hela yako. Mwezi umepita ndiyo, ulitakiwa usikae muda wote huo, lkn uliwahi kumlalamikia siku ileile na ujumbe upo.

duka_la_mama_wawili
Mimi nauza nguo kwa status na Insta hapahapa Dom, nimesoma yote naomba na mimi nisikike mana wauzaji wote tunawekwa kapu moja. Kwanini tunakuwa wagumu? Mwaka juzi nilimuuzia dada mmoja gauni Ijumaa, Jumatatu akalirudisha anasema limembana, nalinusa lina manukato na kwapani lina jasho, na Jumamosi nilikuwa nimemuona nalo kwenye picha za harusi. Nilimrudishia hela yake mana sikuwa na utaratibu wowote niliomwambia, kosa langu. Sasa hivi lebo naifunga mbele kifuani kwa kamba ya plastiki, huwezi kuivaa mbele za watu bila kuikata. Ikikatwa sipokei, ikiwepo napokea ndani ya siku mbili bila swali lolote, iwe saizi, iwe rangi, iwe mume hajaipenda. Nguo za ndani na za kuogelea hapana.

Hela narudisha siku hiyohiyo na naweka na ya kutolea, mana mteja aliyelipa 40,000 akirudishiwa 40,000 kwenye simu af akatwe akitoa, hajarudishiwa 40,000. Wengi hawalifikirii hili ila mteja analihisi. Boda ya kwenda analipa mteja, ya kurudi nalipa mimi kama nilikosea mimi, kama ni mwili tu analipa yeye. Na mteja wa sherehe huwa nampelekea saizi mbili kwa mpigo, analipia moja, nyingine inarudi na bodaboda yuleyule, tripu moja.

boda_wa_mizigo
Saizi mbili kwa mpigo ndo njia bora kuliko zote, nathibitisha. Naomba tu msizidi dakika kumi.

fundi_majengo
Wote mmeongelea kurudisha, mimi fundi cherehani nasema kuna nguo hazina haja ya kurudi popote. Nguo kubwa inapunguzwa, hiyo ni kazi ya nusu saa. Nguo ndogo ndo shida, lkn sio zote. Igeuze ndani nje uangalie mshono wa pembeni, kama wameacha akiba ya sentimita mbili kila upande tunaachia unapata hadi sentimita nane mzunguko mzima. Nguo nyingi za kiwandani za bei ndogo wamekata karibu kabisa na mshono wa overloki, hamna akiba, hapo tunaweka kipande pembeni kuanzia kwapani kushuka chini au tunatoa zipu mgongoni tunaweka matundu na kamba, na hiyo ya kamba kwa sherehe inapendeza. Dada wa Ilazo kwako inakosekana 8, inawezekana. Ila usiniletee kabla hujamalizana na muuzaji, mana nikishatia mkasi huna tena cha kurudisha.

kkoo_kila_wiki
Na ukiagiza agiza ambayo ni kubwa kidogo, kwa maneno hayo ya fundi.

fundi_majengo
Kubwa kifuani na hipsi sawa, mabegani hapana. Bega likizidi kulirekebisha ni kama kushona upya, na hela yake inaonekana.

mwana_udom
Hii ya mabega naiandika, sikuwahi kuijua na abaya zangu mbili zimeharibikia hapo.

dada_ilazo
Jamani nimerudi kutoa mrejesho, mmenisaidia sana kutoka moyoni. Yule wa Dar nilimtumia picha ya futi na skrinshoti yake, akakaa kimya siku nzima, jana asubuhi kanirudishia 40,000 anasema gauni nibaki nalo tuyamalize. Nimekubali, nilikuwa nimeshazisahau hizo hela.

La sendofu nimechukua kwa muuzaji wa hapahapa mjini, sio huyu mama wa humu mana zambarau alikuwa hana, lkn nilimuuliza maswali yenu yote kwa maandishi kabla: unapima kwa futi, unaleta saizi mbili, boda nani analipa, hela inarudi lini. Matatu alijibu vizuri, la hela akasema anabadilisha tu harudishi, nikaona sawa mradi nimelijua mapema. Zimekuja 14 na 16, nimenawa uso nikajaribu chumbani, 16 ndo imenikaa na mabega yapo pale pale, 14 imerudi na boda yuleyule, nimelipa 3,000 kwenda na 2,000 kurudi basi.

Fundi, lile la kabatini sasa ni langu rasmi. Nakuja nalo Jumamosi tuweke kamba mgongoni, upo upande gani wa soko la Majengo?

fundi_majengo
Kwenye mlango wa upande wa mitumba, ulizia fundi mwenye cherehani mbili za kijani. Njoo kabla ya saa tano, na uje na brazia utakayolivalia, mana kipimo cha kifua kinabadilika.