Naomba ushauri: "quokka" tumwite nani kwa Kiswahili?

Habari zenu ndugu zangu. Natafsiri kijitabu cha watoto kuhusu wanyama wa Australia, nimekwama kwa mnyama mmoja tu, quokka. Ni jamaa ya kangaruu, mdogo kama paka, uzito wake kilo 2.5 hadi 5, na mama hubeba mtoto mfukoni.

Jina limetoka kwa Wanyungar, wenyeji wa kusini magharibi mwa Australia, na Waingereza wakaliandika kwa masikio yao. Kiswahili hakina herufi q, kwa hiyo nimeandika "kwoka". Shida ni kwamba mwanangu alipolisoma kwa sauti aliuliza, "Kuoka mkate?" Nikaishiwa nguvu.

Mwenzangu mmoja anashauri "panyabuku wa Australia". Hapo nakataa kabisa. Mwaka 1696 nahodha Mholanzi Willem de Vlamingh aliwadhani panya wakubwa, akakiita kisiwa chao "kiota cha panya" kwa Kiholanzi, na hadi leo kinaitwa Rottnest. Kosa la miaka zaidi ya 300 sitaki kuwarithisha watoto wetu.

Je, niandike "kwoka" na kueleza mara ya kwanza kuwa ni kangaruu mdogo, au "kwaka", ambayo naona iko karibu zaidi na matamshi ya Wanyungar, *gwaga*? Na wingi ubaki vilevile, kwoka huyu, kwoka hawa? Walimu na wafasiri, naomba mnisaidie, na mniambie na sababu.