Fundi kapiga weldi baiskeli ya marehemu baba, Raleigh, na beringi niliyompa hakuifungua hata mfuko!

Wakuu, nimetoka kwa fundi Majengo, hapa Dodoma, sasa hivi, mikono bado inatetemeka kwa hasira.

Nina Raleigh ya marehemu baba, ile nyeusi ya breki za vyuma, yenye kichwa cha korongo kwenye nembo ya mbele. Kazi ya Nottingham, Uingereza. Baba aliipanda miaka yote aliyofundisha Mvumi, na zabibu zimepita sana kwenye karia yake. Sikutaka kuiweka sebuleni kama pambo. Nataka niende nayo kazini kutoka Nkuhungu kila siku. Kwa hiyo fremu, foki na madigadi vibaki vilevile, ila ringi ziwe za aluminiamu, tairi za kuhimili mbigili, breki za waya zenye mikono mirefu. Lazima iwe mirefu: ringi ya zamani ina kipenyo cha milimita 635, hizi mpya za saizi ya 700C ni 622, breki fupi mpira wake haufiki. Hayo yote nilifunga mwenyewe.

Ikabaki beringi ya krenki, ile inayozungukia pedeli. Raleigh za zamani zina thredi (mikato ya kufungia kama ya skrubu) 26 kwa inchi, vikombe vya kushikilia beringi vya madukani ni 24. Haviingiliani, hata usukume vipi. Na bomba la fremu inamokaa beringi nimelipima, lina upana wa milimita 71, si 68 ya kawaida. Ndiyo maana niliagiza ile beringi ya kisasa isiyohitaji thredi, inajibana yenyewe pande zote mbili. Nimeisubiri wiki tano. Nikampa fundi mkononi, nikamwandikia na vipimo, nikamwambia kabisa kikombe cha upande wa mnyororo kinafunguliwa kwa kuzungusha kinyume.

Leo naikuta beringi yangu kwenye mfuko wake, haijaguswa! Kachukua kikombe cha 24, kakilazimisha na spana ya bomba hadi thredi zote zikasagika. Kilipocheza, akakizungushia weldi ya umeme. Fremu ile imeungwa kwa brasi jamani, si kwa weldi! Rangi imebabuka hadi kwenye mistari ya dhahabu, matone ya weldi yamegandia hadi kwenye krenki. Namuuliza, ananijibu, "Bosi, hiyo sasa hailegei tena." Hailegei, na gololi zikiisha naifunguaje? Halafu ananidai 25,000.

Kama hujui, sema hujui. Ningeibeba nikarudi nayo nyumbani, tusingegombana.

Sasa naombeni msaada. Thredi sizililii tena, beringi yangu haizihitaji. Anayemfahamu mchonga vyuma mwenye mashine na mkono mtulivu, awe Dodoma, Singida au Morogoro, wa kuikata weldi hiyo bila kula bomba, anielekeze. Nitaisafirisha hata kesho. Wa kuniambia ninunue Phoenix mpya, tafadhali apite tu.