Katuma elfu ishirini bila ya kutolea, halafu anataka risiti ya EFD ya dagaa

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka, makosa ya herufi mnisamehe. Mnamjua. Msijifanye hamumjui, kila ukoo unaye mmoja. Huyu wangu, baba wa watoto wangu, tumeshaachana lakini bado ananiendesha kwa simu.

Jana jioni nimemwandikia kwa adabu zote: "Baba fulani, za kazi? Hela ya matumizi imekata na mdogo anadaiwa sare." Kimya. Saa nne usiku simu inalia, elfu ishirini. Watoto watatu, mwezi hata haujagawanyika, na ya kutolea hajaweka! Nikasema potelea mbali, riziki haidharauliwi. Simu sijaiweka chini, ujumbe huo: "Naomba mchanganuo wa iliyopita, uambatanishe risiti za EFD."

Risiti. Za. EFD. Zile za mashine ya kodi ya TRA!

Yule bibi muuza dagaa wa hapa Tabata, mwenye beseni na kopo la kupimia, mashine kaificha wapi? Kwenye pindo la kanga? Na wa mkaa je? Na bodaboda? CAG anakagua serikali nzima, ripoti anampelekea Rais mara moja kwa mwaka, mwisho wa Machi. Huyu anakagua fungu la mchicha!

Eti "shule si bure?" Ndiyo baba, ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa 2016. Viatu navyo vilifutwa? Daftari? Mkubwa anarefuka kama mgomba, suruali ya Januari sasa hivi ni kaptula.

EFD jamani. Mtu aliyeondoka na jiko la gesi pamoja na mtungi, akaniachia mpira unaning'inia ukutani, ndiye anataka risiti. Nimempiga picha dagaa kwenye sahani nikamtumia: "Risiti hiyo, hesabu vichwa." Tiki zimekuwa bluu, hajajibu hadi sasa.

KiparaNgoto: Hapo kwenye mpira wa gesi nimecheka hadi nimeamsha mtoto. Ila dada, elfu ishirini unalalamika? Wenzako tunatumiwa "kesho nakuona".

Mzee wa Kahawa: Tusikie na upande wa pili. Mimi nilituma hela ya sare, Jumapili nikaona wigi jipya kwenye stetasi. Risiti ni haki ya mlipaji.

Mleta uzi: Wigi nimevaa mimi? Toka kwenye uzi wangu.

Mzee wa Kahawa: Mbona umeshtuka kama si wewe? 😂

WakiliKijiwe: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 129: kutunza watoto ni wajibu wa baba, wawe wanaishi kwake au la. Nenda Ustawi wa Jamii, akigoma nenda mahakamani. Zamani kwa mtoto wa nje ya ndoa ilikuwa shilingi 100 kwa mwezi, ikafutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Jamaa hajapata taarifa.

Mleta uzi: Nimeambiwa nianze na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti ni baba yake mdogo.

KiparaNgoto: 😂😂 Hapo umekwisha. Peleka na risiti.

MpangajiSugu: Nyie mna wa kumdai. Mimi kodi ya jengo la mwenye nyumba naikatwa mimi nikinunua umeme wa LUKU, tangu utaratibu uanze 2021. Nikimwambia anirudishie, "tutahesabiana". Tutahesabiana lini, ahera?

Chumba Master: Afadhali una mita yako. Sisi vyumba sita mita moja, na kuna mtu anachemsha maharage kwa jiko la koili usiku tukilala. Anajijua. Yumo humu.

MpangajiSugu: Mfungieni swichi.

Chumba Master: Swichi iko chumbani kwake.

Mleta uzi: Jamani huu ni uzi wa matunzo ya watoto!

Mha Asilia: Turudi kwenye mada. Hao dagaa uliompigia picha ni wa Kigoma au wa Mwanza?

Mleta uzi: Wa Mwanza. Kwa nini?

Mha Asilia: Basi jamaa ana hoja. Hao mchanga mtupu, hata mimi ningedai risiti.

Msukuma Orijino: Mchanga ni kwa wanaoanika chini. Wa kwenye chanja hawana shida. Usitutukane.

KiparaNgoto: Wa Kigoma kilo shilingi ngapi siku hizi? Mwenye duka Dar aje inbox.